Jitu au Kinu? Kuvisoma Vinu vya Cervantes Tukiwa Budondo

Muhula uliopita, katika somo letu la Fasihi Linganishi, tulisoma sehemu kadhaa za riwaya ya Don Quixote ya Miguel de Cervantes, mwandishi wa Hispania. Tulitumia tafsiri ya Kiingereza na kuendesha mjadala kwa Kiswahili. Zoezi la mwisho lilikuwa na swali moja: kwa nini Don Quixote alivishambulia vinu vya upepo? Karibu darasa zima lilijibu kwamba mtu huyo alikuwa mwendawazimu, na kwamba funzo la kisa ni kutopoteza nguvu zetu kwa kupigana na maadui wasiokuwapo. Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Budondo wilayani Jinja, alijibu vingine. Aliandika kwamba hata kwao palikuwa na wazee walioona kiumbe hai mahali ambapo wahandisi waliona mtambo, na kwamba mpaka leo yeye hajaamua ni upande upi uliokuwa na wazimu.

Sikujua nimpe alama gani. Makala haya mafupi ni jibu langu kwake, na pia kwa wenzake waliopata alama nzuri kwa jibu ambalo sasa ninaliona halikutosha. Kosa ni la mwalimu kwanza, kwa kuwa swali lenyewe lilikuwa limekwisha kuamua nani mjinga.

Kisa chenyewe

Sehemu ya kwanza ya riwaya ilichapishwa mwaka 1605 na ya pili mwaka 1615. Mhusika mkuu ni bwana wa kijijini katika nyanda za La Mancha, mwenye umri wa karibu miaka 50, ambaye amesoma hadithi za mashujaa wa farasi hadi akajiona naye ni mmoja wao. Katika sura ya 8 ya sehemu ya kwanza, yeye na mtumishi wake Sancho Panza wanaona vinu vya upepo 30 au 40 uwandani. Bwana anaona majitu yenye mikono mirefu. Mtumishi anaona vinu, na anaeleza kwamba hiyo inayoonekana kuwa mikono ni mapanga yanayosukumwa na upepo ili jiwe la kusagia lizunguke. Bwana hasikii. Anapiga mbio na mkuki wake, panga la kinu linauvunja mkuki na kumtupa chini yeye na farasi.

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapofunga kitabu. Na hapa ndipo unapotoka ule usemi unaotumika duniani kote, wa kupigana na vinu vya upepo, kwa maana ya kujihangaisha bure. Lakini kuna mambo mawili ambayo usemi huo umeyafunika.

La kwanza ni kwamba vinu hivyo havikuwa vitu vya kale. Mtalii anayefika leo Campo de Criptana au Consuegra huona minara myeupe juu ya kilima, yenye paa la pia na mapanga manne, naye huiita ya kihistoria. Kwa Cervantes hali ilikuwa tofauti. Vinu vya aina hiyo vilienea La Mancha katika karne ya 16, kwa sababu mito ya huko ni michache na hupungua sana wakati wa kiangazi, hivyo vinu vya maji havikutosheleza usagaji wa ngano. Msagaji alitandaza vitambaa juu ya mapanga ya mbao, akachungulia katika vidirisha vya juu ili ajue upepo unatoka wapi, kisha akalizungusha paa zima kwa mti mrefu wa nyuma hadi mapanga yaukabili upepo. Ilikuwa mashine ya kisasa kwa wakati wake, na huenda Don Quixote aliwazidi umri baadhi ya wale aliodhani ni majitu. Kwa hiyo kisa hiki kinahusu mtu wa kale aliyekutana na mtambo mpya, jambo ambalo sisi wa kando ya mto Nile tunapaswa kulielewa haraka.

La pili linahusu kisingizio chake. Akiwa chini, Don Quixote anasema mchawi aitwaye Frestón ndiye aliyeyageuza majitu kuwa vinu ili kumnyima ushindi, mchawi yuleyule aliyemwibia maktaba yake. Je, habari ya mchawi ilitoka wapi? Turudi sura moja nyuma. Vitabu vyake vilichomwa moto nyumbani na watu wenye akili timamu, wakiongozwa na padri na kinyozi, na chumba cha vitabu kikazibwa kwa ukuta. Alipouliza chumba kimekwenda wapi, hao hao wa nyumbani ndio waliomwambia kwamba mchawi amekuja na kukichukua. Maana yake ni kwamba mwendawazimu alipewa mchawi wake na watu wasioamini wachawi. Walimpa kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kumwambia ukweli. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwani tutalikuta tena Budondo.

Maneno mawili ya Kiswahili

Darasani tulitumia maneno jitu na kinu bila kuyafikiria. Hebu tuyatazame. Jitu ni mtu aliyekuzwa: mzizi ni uleule wa mtu, ila umehamishwa ngeli. Hata liwe kubwa na la kutisha namna gani, ndani yake mna mtu, na kwa hiyo laweza kuambiwa neno, kutukanwa, kuombwa, hata kulipwa. Kinu ni kitu. Ni kile ambacho mama zetu hutwangia, na katika Luganda pia huitwa ekinu. Neno hilo limepanda cheo likawa kinu cha kusagia, kinu cha kushindikia mafuta kilichozungushwa na ngamia huko pwani, na siku hizi hata kinu cha nyuklia. Lakini limebaki jina la chombo. Kinu hakiambiwi neno.

Nikisoma tena sura ya 8 kwa macho haya, naona kwamba kabla ya kupiga, Don Quixote anazungumza. Anavipigia kelele vinu visikimbie. Tofauti kati yake na Sancho haiko machoni tu, bali pia katika swali la kama kitu kilicho mbele yao kinastahili kusemeshwa.

Vinu vingine viwili

Cervantes hakuishia kwenye upepo. Katika sura ya 20 bwana na mtumishi wanakaa usiku kucha porini wakisikia kishindo cha kutisha karibu na maji yanayoporomoka. Kunapopambazuka wanakuta nyundo 6 kubwa za mbao zinazoendeshwa na maji, zikiponda vitambaa vya sufu. Anayejua mlio wa nyundo zinazoponda gome la mutuba ili liwe nguo hatashangaa kwamba mlio kama huo, ukisikika gizani na pasipo mtu, huwatia watu hofu. Safari hii Don Quixote hashambulii kinu. Anasubiri mchana, anaona aibu, na anampiga Sancho kwa kumcheka.

Kinu cha tatu kimo katika sehemu ya pili, sura ya 29, nacho ndicho ninachokiona muhimu zaidi kwetu. Wawili hao wanafika mto Ebro, wanakuta mashua isiyo na makasia, wanaingia na kuchukuliwa na maji. Katikati ya mto pana vinu vya maji. Bwana anaona ngome yenye mfungwa ndani yake. Wasagaji, nyuso zikiwa nyeupe kwa unga, wanatoka na miti mirefu kuizuia mashua isivutwe na magurudumu. Mashua inapinduka, wote wawili wanaangukia majini na kuokolewa, nayo inavunjwavunjwa na magurudumu. Kisha wanatokea wavuvi wenye mashua yao, wakidai haki yao.

Don Quixote anafanya nini? Analipa. Sancho anatoa reale 50 huku akinung'unika. Bwana mwenyewe anakiri kwamba dunia hii imejaa mitambo na hila zinazopingana, na kwamba yeye amefika mwisho wa uwezo wake. Kwa mtazamo wangu, hapa ndipo kisa cha vinu kinapokamilika. Katika kinu cha kwanza alipiga na hakumlipa mtu. Katika cha mwisho bado haoni sawasawa, lakini anajua kwamba mtu amepoteza mashua yake, na kwamba mashua ina bei. Wanafunzi waliosoma sura ya 8 peke yake walimwona mwendawazimu. Waliofika mtoni wangeona pia mtu anayelipa fidia.

Tukirudi Budondo

Maporomoko ya Bujagali yalikuwa upande wa kaskazini wa mji wa Jinja, ambako mto ambao Wasoga huuita Kiyira hupita kando ya Budondo. Niliyaona kabla hayajafunikwa. Kinachonikaa zaidi akilini ni mlio: ulilazimika kuinua sauti ili jirani akusikie. Watalii walishuka humo kwa mashua za mpira. Kwa wenyeji, mahali hapo palikuwa makao ya mzimu wa Budhagali, na yule anayepandwa na mzimu huo, ambaye watu wa pwani wangemwita kiti, hubeba jina lake. Husimuliwa kwamba Budhagali aliweza kukaa juu ya kipande cha nguo ya gome na kuvuka maji yale yenye kasi. Wazee walikwenda pale kusema na maji.

Ujenzi wa bwawa ulizinduliwa mwaka 2007, maporomoko yalizama mwishoni mwa mwaka 2011, na kituo kilifunguliwa rasmi Oktoba 2012. Kina mitambo 5 yenye uwezo wa megawati 250 kwa jumla. Mwaka 2007 baadhi ya wananchi na mashirika walipeleka malalamiko kwa Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, na suala la mizimu lilikuwa mojawapo ya hoja zao. Sherehe za jadi za kuituliza mizimu ziliingizwa katika maandalizi ya mradi. Wenye mamlaka ya kijadi walitofautiana: wapo waliosema mzimu wa Budhagali unaweza kuhamishwa kwa taratibu zinazostahili, na wapo waliosema mzimu wa maporomoko hauna pa kwenda pasipo maporomoko.

Hapa namkumbuka Frestón. Siwalaumu wenye mradi kwa kushiriki sherehe, maana kuheshimu mila ya mwenyeji ni adabu. Swali langu ni la mhakiki. Je, waliozungumza na mzimu walizungumza nao kama jitu, yaani kama mwenye haki ya kukataa? Au walitumia lugha ya mizimu jinsi padri na kinyozi walivyotumia lugha ya uchawi, kwa kuwa ilirahisisha kuziba ukuta? Ukimsemesha mtu huku umekwisha kuamua kwamba jibu lake halitabadili lolote, basi umemgeuza kinu. Mwanafunzi wangu aliona jambo hili kabla yangu, ingawa hakulipa jina.

Kuna pia suala la fidia. Kama sehemu ya makubaliano ya mwaka 2007 kati ya serikali na Benki ya Dunia, maporomoko ya Kalagala, yaliyo chini zaidi ya mto, yaliahidiwa kuhifadhiwa ili kufidia yale ya Bujagali. Baadaye likajengwa bwawa la Isimba, lenye megawati 183, lililozinduliwa mwaka 2019, na mjadala ukafufuka kuhusu umbali ambao maji ya bwawa hilo yangeingia katika eneo lililoahidiwa. Reale 50 za Sancho zilikuwa kidogo, lakini wavuvi waliondoka nazo mikononi.

Majina yaliyobaki

Huko Consuegra vimebaki vinu 12, na kila kimoja kina jina. Miongoni mwa majina hayo ni Sancho, Rucio, ambaye ni punda wa Sancho, Mambrino, Clavileño na Bwana wa Joho la Kijani, yote yakitoka katika riwaya ya Cervantes. Katika sikukuu ya zafarani, mwezi wa Oktoba, kimoja husaga ngano mbele ya watu. Mashine imepewa jina la hadithi, nayo hadithi inasomwa shuleni, kwa hiyo anayekiona kinu hukumbuka jitu.

Kwetu nasi mitambo imepewa majina. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na kuyazamisha maporomoko ya Ripon, sasa linaitwa Nalubaale, jina la ziwa lenye maana inayohusu miungu ya Baganda. Kituo cha jirani kinaitwa Kiira, yaani mto wenyewe. Cha tatu kinaitwa Bujagali. Kwa nje tumefanya kama Wahispania. Lakini jaribu kumwuliza mwanafunzi wa sekondari Bujagali ni nini. Atakwambia ni megawati 250. Jina limehamia kwenye mtambo, na hadithi haikuhama nalo kwa sababu haikuwa na kitabu cha kusafiria.

Ulinganisho huu una mipaka, na mhakiki mwaminifu lazima aitaje. Kinu cha La Mancha kilisaga ngano ya kijiji chake, kama mashine ya posho inavyosaga mahindi yetu. Bwawa huingiza umeme katika gridi ya taifa. Don Quixote alikuwa mpita njia, bali wazee wa Budondo walikuwa nyumbani kwao. Wala sidai kwamba umeme haukuhitajika. Mwaka 2006, wakati wa mgao mkali, nilisahihisha mitihani kwa mshumaa, na nisingependa mtu anisimulie uzuri wa giza. Wasomaji wa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, wanakumbuka kinu cha upepo kilichoahidiwa kuleta umeme mabandani na mwishowe kikasaga nafaka ya kuuza. Kitabu hicho hakisemi kwamba kinu ni kibaya. Kinatutaka tuulize kinamsagia nani. Swali hilo ni halali mbele ya kinu chochote, na anayeuliza asiitwe Don Quixote.

Nani atalipa ngano na zabibu?

Nimalize na jambo ambalo lilinipita miaka mingi. Sura ya 8, ileile ya vinu, inakatika ghafla katikati ya pigano jingine, na msimulizi anadai kwamba maandishi yameishia hapo. Katika sura ya 9 anasema alikuta madaftari ya Kiarabu yakiuzwa sokoni Toledo, akayanunua, na akamtafuta mtu wa kuyatafsiri. Malipo ya mfasiri yalikuwa zabibu na ngano, na kazi ikamalizika kwa muda uliozidi kidogo mwezi mmoja na nusu. Ni mzaha wa Cervantes, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mateka Algiers kwa miaka 5 na alijua Kiarabu ni lugha ya watu hai. Lakini mzaha huo unasema kweli: hadithi ya vinu inaendelea kwa sababu mtu alinunua karatasi na mwingine akalipwa kwa kutafsiri.

Idara yetu ina wanafunzi kutoka Jinja hadi Mbale, wenye Lusoga, Luganda na Lumasaaba majumbani na Kiswahili darasani. Wazee waliosema na maji ya Bujagali wanazidi kupungua. Napendekeza kwamba zoezi la muhula ujao katika Fasihi Simulizi liwe kukusanya visa vya Kiyira jinsi vinavyosimuliwa, kwanza katika lugha ya msimulizi, kisha kwa Kiswahili, pamoja na tarehe, mahali na idhini ya msimulizi. Na msimulizi alipwe, hata kama ni kwa sukari na sabuni, kwa kuwa maneno yake nayo ni kazi.

Karatasi ya mwanafunzi wa Budondo nimemrudishia ikiwa na alama mpya, na swali moja pembeni kwa wino mwekundu: babu yako aliyaambia nini maji, nayo yalimjibu nini? Ameahidi kuleta jibu baada ya likizo. Wasomaji wengine wenye majibu yao, au wenye kupinga hoja zangu, wayapeleke kwa mhariri kabla ya toleo lijalo.